Radiali za antena ya wima: namna ya kuzitandika kwenye lupango, hatua kwa hatua

Kama wewe ni mtu wa redio ya amateri, umesimamisha bomba la antena kwenye lupango (uwanja wa nyumba), umeunganisha koaksi (kebo ya antena), mita inaonyesha SWR 1.1 (kipimo cha namna antena inavyolingana na redio, 1.0 ni kamili), unaita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) kwenye bendi ya mita 40, yaani masafa ya kama megahezi 7, saa tatu za usiku na hakuna mtu anakujibu, basi hii njo mada yako.

Niliishi hivyo karibu mwaka mzima hapa Lubumbashi. Antena yangu ilikuwa bomba la aluminiamu la mita 7 na koili (waya iliyozungushwa) chini yake, waya nne za radiali, zile zinazosambaa kutoka mguu wa antena, zimelala kwenye udongo, fimbo moja ya tere (ya kuunganisha na ardhi) imepigwa chini, na SWR safi kabisa. Watu wa Afrika Kusini na wa Ulaya nilikuwa nawasikia vizuri ila wao hawanisikii. Nikabadilisha koaksi, nikabadilisha plagi, nikaanza kushuku redio yenyewe, na redio haikuwa na kosa lolote. Ule udongo wetu mwekundu ulikuwa unakula karibu robo tatu ya wati zangu, na ile SWR nzuri njo ilikuwa inanificha nisione.

Mkondo unapita wapi

Dipole, ile antena ya waya inayotandikwa ubavu, ina mikono miwili, mmoja ukisukuma mwingine unavuta. Antena ya wima ina mkono mmoja tu, ule bomba unaouona, mkono wa pili ni ardhi. Mkondo wote unaopanda kwenye bomba lazima urudi, unashuka kupitia hewani, unaingia ardhini pande zote kuzunguka antena, halafu unajikusanya kurudi kwenye mguu wa bomba pale wavu wa koaksi (ile nyuzi za chuma za nje) umefungwa. Sasa udongo haupitishi umeme vizuri. Mkondo ukipita humo unaupasha joto, na hilo joto ni wati ulizolipia ambazo hazitafika kwa mtu yeyote. Radiali ni barabara ya lami unayoujengea huo mkondo ili usirudi nyumbani kwa njia ya matope.

Hesabu yake ni ndogo, iweke kichwani kwa sababu tutaitumia mpaka mwisho. Bomba la robo ya wimbi lina rezistansi ya kurusha mawimbi ya kama omu 36. Udongo unaongeza rezistansi yake ya hasara juu ya hapo. Redio haijui kutenganisha hizo mbili, yenyewe inaona jumla. Chukua 36 ongeza hasara ya 14, unapata 50, SWR 1.0, unafurahi, kumbe kwenye kila wati 100 wati 28 zinaishia chini. Tandika radiali nyingi mpaka hasara ishuke kwenye 4, jumla inakuwa 40, SWR inapanda kidogo mpaka 1.25, na sasa wati 90 zinatoka. Yaani SWR imeharibika kidogo na antena imepona. Hii watu wengi inawasumbua sana, wanaongeza waya, wanaona SWR inapanda, wanazitoa.

Bomba fupi hali yake ni mbaya zaidi. Mita 7 kwenye bendi ya mita 40 ina rezistansi ya kurusha ya kama omu 12 tu. Mita yangu ilikuwa inasoma 50, kwa hiyo 38 zote zilikuwa hasara, udongo pamoja na koili. Gawanya 12 kwa 50 unapata asilimia 24. Mtu akikuambia SWR yake ni 1.1, kwa hiyo hahitaji radiali zingine, muulize kwanza bomba lake lina urefu gani.

Na ile fimbo ya tere? Fimbo ya mita moja na nusu ni ya radi na usalama wa umeme wa nyumba, iweke, lakini usiihesabu kama radiali. Mkondo wa redio umesambaa kwenye eneo kubwa la ardhi karibu na uso wa juu, kijiti kimoja kilichochomekwa katikati hakiwezi kuukusanya.

Kabla hujanunua waya

Jambo la kwanza ni leseni. Hapa kwetu RDC mambo ya masafa yako mikononi mwa ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, na alama za mwito zinaanza na 9Q. Usisimamishe kitu cha mita 10 kinachoonekana na mtaa mzima kama huna karatasi ya kuonyesha mtu akija kuuliza.

La pili ujiulize unataka kuongea na nani. Antena ya wima inarusha mawimbi chini karibu na upeo wa macho, kwa hiyo ni nzuri kwa mbali: Johannesburg kama kilomita 1600, Brussels zaidi ya 7000. Lakini kama kazi yako kubwa ni kuongea na Likasi au Kolwezi kwenye mita 40, dipole ya chini chini, mita 4 au 5 juu ya ardhi, itaishinda antena ya wima vibaya sana, kwa sababu yenyewe inarusha juu na mawimbi yanarudi karibu. Usitoboe lupango kwa kazi ambayo sio yake.

Urefu wa bomba la robo ya wimbi: gawanya 71.3 kwa megahezi. Kwa 7.1 ni mita 10, kwa 14.2 ni mita 5, kwa 21.2 ni mita 3.4, kwa 28.4 ni mita 2.5. Kama unaweza kufika mita 10 kwa bendi ya mita 40, fika. Kila mita unayoongeza juu inapunguza shida ya chini.

Waya ngapi, urefu gani

Hapa njo penye maneno mengi ya uongo. Utasikia lazima radiali 120. Hiyo namba ina historia: mwaka 1937 mainjinia watatu wa kampuni ya redio ya RCA kule Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walipima kwa kina radiali za ardhini, na kutoka kwenye kazi yao vituo vya redio vya AM vikashika desturi ya kuweka waya 120. Ni vituo vya utangazaji hivyo, vyenye viwanja vikubwa na pesa. Sisi hatuhitaji hizo.

Utasikia pia kwamba kila radiali lazima iwe robo ya wimbi kamili. Kwa radiali zinazolala kwenye ardhi sio kweli. Waya ikigusa udongo, udongo unabadilisha urefu wake wa kiumeme na kufuta ule mlio wake (rezonansi, yale masafa waya inayoyapenda), kukata kwa sentimita hakukupi kitu. Tena ukiwa na waya nne tu za mita 10 kila moja, kuzifupisha kunaweza hata kuongeza nguvu ya mawimbi yanayotoka, jambo ambalo Rudy Severns, mtu wa redio wa Marekani mwenye alama ya mwito N6LF, alilipima vizuri uwanjani.

Kanuni ninayofuata mimi: hesabu kwanza una mita ngapi za waya kwa jumla, halafu ndio ukate. Waya ikiwa kidogo, kata vipande vingi vifupi, usikate vichache virefu. Kwa bendi ya mita 40, ukiwa na kama mita 70, kata 16 za mita 4.2. Ukiwa na mita 130 hivi, kata 24 za mita 5.3. Ukiwa na mita 230, kata 36 za mita 6.3. Kupita hapo faida inakuja polepole sana na pesa inakwenda haraka. Sababu ni kwamba sehemu iliyo karibu na mguu wa antena njo ina mkondo mzito uliobanana sehemu ndogo, hapo njo hasara inaumiza, na waya nyingi fupi zinafunika hapo vizuri kuliko waya nne zinazokimbia mpaka kwa jirani huku katikati yake kuna udongo mtupu.

Kama antena yako ni ya bendi kadhaa, chagua urefu kwa bendi ya chini kabisa, hizo zingine zitatosheka zenyewe.

Lupango nyingi za huku mjini ni ndogo, na nyumba imekaa katikati. Usijali. Radiali hazihitaji kuwa duara la kupendeza. Upande wenye nafasi weka nyingi na ndefu kidogo, upande wa ukuta weka fupi, ikifika ukutani ipinde ifuate ukuta. Kupinda hakuna shida. Ila kuikunja na kurudi nyuma kule ilikotoka, hiyo usifanye.

Waya yenyewe

Tunaishi kwenye mji wa shaba, tumekua tunaangalia ile shemini (bomba la moshi) na ule mlima wa taka za kiwanda, lakini ukienda sokoni kununua waya ya shaba unaweza kupewa aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Hii ni hatari kwa radiali, kwa sababu udongo wenye unyevu unaila aluminiamu upesi sana, baada ya misimu michache ya mvua unavuta waya unabaki na gamba la plastiki lenye unga mweupe ndani. Pima dukani mbele ya muuzaji: chuna ncha ya waya, uikwangue na kisu taratibu, sentimita mbili hivi. Shaba ya kweli ukikwangua inabaki nyekundu mpaka ndani. Ile ya kupaka, mikwaruzo mitatu minne tu unaona weupe unang'aa chini yake. Iinue mkononi pia, rulo ya shaba ni nzito, ile ingine unaibeba kama kikapu kitupu.

Unene sio muhimu kama watu wanavyofikiri. Ukiwa na radiali 24 mkondo umegawanyika, kila waya inabeba kidogo tu. Waya ya nyumba ya milimita 1.5 za mraba inatosha na kubaki. Yenye gamba la plastiki inafanya kazi sawa na iliyo uchi, na inaishi zaidi, kwa hiyo usihangaike kuichuna.

Njia ya bei nafuu ninayoipenda ni kebo ya kompyuta, ile ya neti. Ndani kuna waya 8. Mita 16 za kebo ukizipasua zinakupa mita 128 za waya, hiyo ni radiali 24 za mita 5.3. Ni nyembamba, nusu milimita hivi, inakatika ukiikanyaga na jembe, ila ikishazama kwenye udongo inakaa. Na yenyewe uipime na kisu, kuna nyingi za kupaka.

Waya ya fensi ya mabati tumia tu kama huna kingine kabisa. Inafanya kazi kidogo, lakini chuma kinapoteza zaidi kuliko shaba, na ile zinki ikiisha kutu inaingia.

Kitovu

Radiali zote lazima zikutane sehemu moja karibu kabisa na mguu wa bomba. Wengine wanazifunga fundo moja kubwa na kuzungushia utepe, baada ya mwaka lile fundo ni kutu ya kijani na huwezi kuongeza hata waya moja. Tengeneza sahani. Mimi nilitumia kipande cha bati la inoksi (chuma kisichoshika kutu), upana wa sahani ya chakula, nikatoboa tundu 16 za milimita 6 pembezoni na tundu kubwa katikati ya kupita mlingoti. Kila bolti inabeba radiali mbili au tatu, zikiwa zimefungwa kwenye kosi (ncha ya chuma yenye tundu la bolti) na kusudwa, yaani kuunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Bolti, nati na wosha zote ziwe inoksi. Hapa usibane pesa, kwa sababu shaba ikigusa aluminiamu moja kwa moja na maji ya mvua yakiingia katikati, aluminiamu inaliwa, unaamka siku moja muunganiko wote ni unga. Kati ya kosi ya shaba na bomba la aluminiamu lazima wosha ya inoksi ikae hapo katikati.

Bati la inoksi likikosekana, chukua waya nene ya shaba iliyo uchi ya milimita 10 za mraba, ile ya tere, uikunje duara la kipenyo cha kama sentimita 40 kuzunguka mguu, radiali zote uzisude humo. Suda vizuri na usiache suda yenyewe ndani ya udongo, iinue juu ya matofali maana udongo unaila polepole.

Bomba lenyewe lisiguse sahani. Likae juu ya kitu kisichopitisha umeme, mimi natumia bomba nene la plastiki la maji lililoingia kwenye zege. Wengine wanaweka mguu wa mti, na hapa mchwa wetu wanajulikana, ni hawa wanaojenga vile vichuguu virefu kuliko nyumba, mti uliogusa udongo unakuwa chakula chao, bomba litalala chini bila kukuaga. Kondakta wa kati wa koaksi anaenda kwenye bomba, wavu wa nje unaenda kwenye sahani, na hizo waya mbili za kuunganisha ziwe fupi, sentimita 10 zinatosha.

Kutandika

Chagua wakati. Mwezi wa nane ardhi ya hapa ni ngumu kama tofali lililochomwa, utavunja panga. Subiri mvua za kwanza, mwezi wa kumi ukiisha au wa kumi na moja, udongo ukiwa umelainika kidogo, asubuhi moja tu kazi yote inaisha.

Chomeka kijiti kwenye ncha ya kila radiali kwanza, ili uone umezigawanya namna gani kabla hujakata chochote. Halafu chukua panga, lisimamishe wima, lichome kama sentimita 4 na ulivute ukirudi nyuma kutoka kitovuni mpaka kijitini. Usifukue udongo, unapasua tu mstari. Laza waya kwenye mpasuko, isukume chini na ncha ya kipande cha ubao, halafu tembea juu yake, mguu mbele ya mguu, mpasuko unajifunga wenyewe. Usiizike kwa kina. Sentimita 3 mpaka 5 inatosha, ukienda 30 unaweka udongo mwingi juu ya waya na mkondo unapita humo kabla ya kuifikia.

Kwenye majani hata kupasua hakuhitajiki. Yafyeke mafupi, tandika waya juu, ishikilie kila nusu mita na pini ya waya ngumu iliyokunjwa kama U, sentimita 15. Msimu mmoja wa mvua unatosha, majani yatazipitia juu na hutaziona tena.

Mimi mara ya kwanza niliacha waya juu ya uwanja uliofagiliwa. Mama mwenye lupango aliamka saa kumi na mbili na ufagio wake kama kawaida, mara nikasikia ananiita.

– Papa, hizi kamba zako zinakamata ufagio. Na watoto je, wakikimbia?

– Pole mama, nazificha leo leo.

– Zifiche. Na usinikatie yale matembele yangu.

Alikuwa na haki yote. Waya iliyo juu mtoto anajikwaa, ufagio unaivuta kila asubuhi mpaka kosi inakatika, na mwizi anaiona. Hilo la mwizi tulichukue kwa uzito, shaba inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mitraye vile tunasemaka, na radiali 24 zinazong'aa kwenye uwanja ni pesa iliyomwagwa chini. Waya yenye gamba la rangi ya udongo, iliyozikwa, hakuna anayejua iko hapo. Matembele nayo niliyapitia pembeni, radiali ikapinda, hakuna kilichobadilika.

Kupima unapoongeza

Usitandike zote halafu ndio upime. Azima au nunua kipimo cha antena kama NanoVNA, kidogo kinaingia mfukoni. Kisawazishe kwenye ncha ya koaksi ile inayofika kwenye antena, sio kwenye kipimo chenyewe, la sivyo koaksi itakudanganya. Weka radiali 4, tafuta masafa ambapo X (reaktansi) ni sifuri, hapo njo mlio wa antena, andika R (jumla ya rezistansi). Ongeza 4, pima tena, andika. Endelea hivyo, nne nne.

Utaona R inashuka. Kwa bomba la robo ya wimbi inaweza kuanza kwenye 60 au zaidi, ikashuka kwa haraka mpaka kwenye waya 12 au 16, halafu mwendo unapungua. Ukiongeza nne na R haijashuka hata omu moja, hapo simama, ardhi yako imeshiba. Kama imebaki karibu na 38 mpaka 40 kwa bomba kamili, umefanya kazi nzuri sana. Masafa ya mlio nayo yatasogea kidogo unapoongeza waya, kwa hiyo usikate bomba mpaka radiali zote ziwe chini.

Fanya kipimo hicho hicho mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nane na mwezi wa kwanza. Ukiwa na radiali chache utaona R inaruka kati ya kiangazi na mvua, maana udongo mkavu na udongo uliolowa ni vitu viwili tofauti. Ukiwa na nyingi tofauti inakuwa ndogo, kwa sababu mkondo hautegemei udongo tena.

Baada ya hapo SWR itakuwa 1.25 au 1.3 kwa bomba kamili. Iache hivyo, redio haitasumbuka. Kwa bomba fupi R inaweza kushuka mpaka 20 na kitu, SWR ikapita 2, na hapo lazima ulinganishe pale pale mguuni. Kama una koili chini ni rahisi: ncha ya chini ya koili ifunge kwenye sahani ya radiali, halafu kondakta wa kati wa koaksi umsogeze juu ya koili mzunguko mmoja mmoja na klipsi mpaka SWR ikae vizuri, kisha usude. Itabidi urekebishe kidogo na sehemu bomba linapoingilia, unacheza na hizo pointi mbili, jioni moja inaisha. Mimi nilipofika hapo nilikuwa na radiali 32, ile hasara ya 38 ilikuwa imeshuka karibu na 10, zaidi ya nusu ya wati sasa zinatoka badala ya robo, na usiku ule ule mtu wa Afrika Kusini alinijibu kwenye mwito wa kwanza. Nilikaa na maikrofoni mkononi kidogo kabla ya kumjibu.

Choki ya koaksi

Wavu wa koaksi ukiuacha hivi hivi unakuwa radiali moja zaidi, inayoingia mpaka ndani ya nyumba na kukuletea kelele za chaja na taa za LED zote za mtaa. Zungusha koaksi yenyewe karibu na mguu wa antena, hiyo njo choki, inazuia mkondo usipite juu ya wavu. Kwa RG-58 kwenye mita 40, mita 4.5 zilizokunjwa mizunguko 6, upana wa sufuria ya kati, uzifunge na vibanio vya plastiki. Ukipata ringi ya feraiti aina ya 31 ni bora zaidi, inafanya kazi bendi nyingi. Kutoka hapo koaksi ilaze chini mpaka kwenye nyumba.

Kama huwezi kuchimba kabisa

Rafiki yangu mmoja yuko Goma. Yeye lupango yake ni jiwe tupu, ile lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Panga halipasui kitu pale, na lile jiwe likikauka halipitishi umeme karibu kabisa. Kwa mtu kama yeye dawa ni kuinua radiali juu, na hapa sheria zote zinabadilika.

Radiali za juu ziwe 4, mbili mbili zikitazamana, na hizi lazima zikatwe robo ya wimbi kamili maana hakuna udongo wa kufuta mlio wao. Anza na ile 71.3 gawanya kwa megahezi, kama waya ina gamba punguza kama asilimia 3, kwa mita 40 inakuwa mita 9.7 hivi, kisha pima na urekebishe zote nne sawasawa. Mguu wa antena nao unapanda pamoja nazo. Majaribio ya N6LF yalionyesha kwamba nne za juu zilizokatwa vizuri zinakaribia kabisa radiali 64 zilizolala ardhini, kwa hiyo usione ni njia ya maskini.

Masharti yake ni mawili. Choki ni lazima, na hizo radiali zisiunganishwe na ardhi wala ukuta wa mabati. Na ncha zake zina volti nyingi sana ukiwa unarusha, zinachoma ngozi, kwa hiyo ziwe juu ya mita 2.5 mahali ambapo hata mtu aliyebeba mzigo kichwani hafiki, na zishikwe na kamba ya nailoni, zisishikwe na waya.

Mwenye paa la mabati ana njia nyingine kwa bendi za juu, mita 20, 15 na 10. Paa lenyewe linakuwa radiali. Simamisha bomba katikati ya paa, wavu wa koaksi kwenye mabati. Ila mabati yaliyolaliana yana rangi na kutu katikati, hayajaungana kiumeme hata kama yanaonekana yamegusana, kwa hiyo kila bati liunganishe na lenzake kwa kipande cha waya na skrubu mbili, kwangua rangi kwanza. Ukiruka hii hatua ile migusano ya kutu itakuletea kelele kwenye redio kila upepo ukivuma.

Radi

Kabare, kule karibu na Bukavu, ndiyo sehemu ya Afrika iliyopimwa kuwa na radi nyingi zaidi, kama miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na sisi wa huku chini msimu wa mvua tunajua mbingu zinavyonguruma. Radiali zinasaidia kusambaza mkondo wa radi ardhini lakini hazikulindi wewe wala redio. Ile fimbo ya tere ifunge kwenye sahani ya radiali. Ukiona wingu jeusi linapanda, chomoa koaksi na uitupe nje ya dirisha, usiiache sakafuni karibu na meza. Mimi nimeweka plagi yangu nje ya ukuta ndani ya kisanduku cha plastiki, naichomoa kila nikimaliza kurusha, hata mwezi wa sita mbingu zikiwa safi, ili mkono uzoee.

Kila mwaka mvua zikikaribia, fungua bolti moja moja kwenye sahani, kwangua kosi mpaka ing'ae, paka grisi kidogo, kaza. Vuta kila waya taratibu na vidole viwili. Ile inayokuja yote mkononi bila kupinga imekatika mahali fulani, mara nyingi ni jembe, ifuate mpaka uone ncha, suda, rudisha kwenye mpasuko, kisha pima R na uandike kwenye daftari lile lile pamoja na tarehe.